Barua Ilikataza Meza

Mwaka wa kwanza walitupa nafasi langoni,
kati ya wauza laini za simu na mama wa chapati.
Meza niliichonga mwenyewe, mbao za mkaratusi,
mguu mmoja mfupi, tukautilia kifuniko cha soda,
ikasimama.
Juu yake kalamu nne, daftari la majina,
na karatasi za Kiswahili na Lukonzo zilizosema
mke aliyefiwa hafukuzwi shambani kama kuku.

Mwaka wa pili: hatua ishirini kutoka uwanjani.
Biira alizihesabu kwa miguu yake mifupi,
karani akazihesabu upya kwa yake mirefu,
tukajikuta nje ya uzio, jirani na choo.
Hata hapo walikuja.
Anayetoka chooni, alisema Biira,
ana nafasi ya kusikiliza.

Mwaka huu, barua. Mihuri miwili ya zambarau.
Meza, mabango na mahema ya uhamasishaji
marufuku katika tamasha la kahawa, hapa Bwera,
kwa ajili ya utulivu.

Nikaenda ofisini.
Na ile meza ya bia?
"Ile ni ya mdhamini."
Na ile ya kubeti?
"Ile ni burudani."
Na wajane?
Karani alifunga faili taratibu, kama anayefunika chungu:
"Wajane," akasema, "ni siasa."

Biira ni mwalimu wa darasa la nne.
Aliisoma barua ile kama anayechambua mchele,
kidole juu ya kila neno, mara tatu,
taa ikipungua mafuta.
Meza imetajwa. Bango limetajwa. Hema limetajwa.
Kisha akaniangalia, mimi fundi,
akaniangalia kwa nyuma.
"Mgongo," akasema, "haumo."

Basi tukaingia mikono mitupu,
daftari chini ya mihogo katika kikapu chake.
Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma majina ya wageni.
Karibu na magunia ya kahawa nikainama,
viganja magotini, shingo chini,
nikabaki nikitazama viatu vya watu.
Mtoto mmoja aliniletea maji.

Viatu vya kwanza kusimama vilikuwa ndara za buluu,
moja imeshonwa kwa waya.
"Huyu anaumwa nini?"
"Haumwi, mama. Hiyo ni meza."
Kikapita kimya, halafu kicheko,
halafu uzito wa daftari kati ya mabega yangu.

Alikuwa amejifunza kuandika mwaka huohuo, kanisani, jioni.
Nilimsoma kwa ngozi.
K: mti mmoja, matawi mawili.
A: mlima na mkanda wake wa mawingu.
Alikandamiza kana kwamba karatasi itabisha.
B, U, G, H, na alipofika O alisita,
akaizungusha polepole, polepole,
kama mtu anayezungushia shamba lake ua
na hataki kuacha hata unyayo mmoja nje.

Niliwahesabu hadi arobaini na moja.
Wengine waliweka kidole gumba tu,
nao hao nilihisi joto lao.

Kisha viatu vyeusi, vimepakwa rangi.
"Mna meza hapa?"
Biira: "Tafuta, afande."
Akatafuta. Akainua gunia, akachungulia kikapu,
akaona mihogo. Daftari lilikuwa limeshakaliwa
na mama wa chapati, mwanamke mnene, asiye na haraka.
"Wewe, nyooka."
Nikanyooka. Kiuno kililia kama mlango.

Usiku mke wangu aliliinua shati kwenye taa.
Wino ulikuwa umepenya: vipande vya herufi, nusu ya jina,
duara moja lililokamilika.
Akauliza alifue au asilifue.
Sikuwa na jibu.

Meza nimeiegemeza ukutani, watoto wanafanyia hesabu.
Inayumba. Kifuniko cha soda ninacho mfukoni.
Mwakani, pengine,
barua itataja migongo.